Mwili Hauulizi Njaa Imetoka Wapi: Homoni na Umetaboli katika Matatizo ya Ulaji

Igogo ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza. Upande mmoja iko reli, Bandari ya Kusini na maji ya Ziwa Victoria. Upande wa pili nyumba zimepanda mlima, zikijibanza katikati ya majabali, na wakazi wengi huzifikia kwa vijia vya mawe. Ni mahali pa wachukuzi, mafundi, mamantilie na wachuuzi wa samaki. Sangara akishatolewa minofu viwandani, kichwa na mifupa yake, yaani mapanki, hukaangwa na kuuzwa kwa wale wasiomudu bei ya samaki mzima. Mahali kama hapo chakula ni hesabu ya kila siku, na mtu anayesukuma sahani pembeni ilhali chakula kipo huonekana ama anaringa, ama ana mimba, ama amerogwa.

Kwa sababu hiyo matatizo ya ulaji hayatajwi sana kandokando ya ziwa. Mtu akikonda, jambo la kwanza linalofikiriwa ni Virusi vya UKIMWI. La pili ni kifua kikuu. La tatu ni kisukari au minyoo. Mpangilio huo wa fikra ni sahihi, na mhudumu wa afya hapaswi kuuacha, kwa kuwa magonjwa hayo yapo na yanaua. Tatizo huanza pale vipimo vyote vinaporudi bila kuonesha ugonjwa. Binti wa miaka 17 ameambiwa hana malaria, hana kifua kikuu, hana mimba wala Virusi vya UKIMWI. Hedhi yake imekatika kwa miezi mitano, mikono yake ni ya baridi, mapigo ya moyo wake ni 44 kwa dakika. Anapewa dawa ya kuongeza damu na kurudishwa nyumbani. Swali moja halikuulizwa: anakula nini, na akishakula anafanya nini?

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa mtu huyo, katika homoni zake na katika umetaboli, yaani mwenendo mzima wa mwili kugeuza chakula kuwa nguvu, joto na nyama. Yanawahusu pia wale ambao hawamo katika picha ya kawaida ya ugonjwa huu: mjamzito anayekula udongo, kijana wa kisukari anayeacha insulini, na mgonjwa aliyedhoofika ambaye familia yake, kwa upendo mtupu, inataka ashibe leo hii.

Ugonjwa wenye sura nyingi

Wataalamu hutaja aina kadhaa za matatizo ya ulaji. Anoreksia ni ile hali ya mtu kujizuia kula hadi uzito unashuka kupita kiasi, na bado akauona mwili wake kuwa mkubwa au akaogopa mno kunenepa. Bulimia ni kula kwa wingi na kwa haraka bila kujizuia, kisha kujitapisha, kunywa dawa za kuharisha au kufunga ili kufuta kile kilicholiwa. Ipo pia hali ya kula kupita kiasi mara kwa mara bila kujitapisha, ambayo huambatana na unene na kisukari. Zaidi ya hizo, ipo hamu kali ya kula visivyo chakula, kama vile udongo, mkaa au barafu. Hii nayo imo katika orodha ya kimataifa ya matatizo ya ulaji inapozidi kiasi na kuleta madhara, ingawa katika jamii ambazo mjamzito kula udongo ni desturi, desturi peke yake haihesabiwi kuwa ugonjwa wa akili.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba anoreksia ni ugonjwa wa Ulaya na Marekani. Imani hiyo imepungua nguvu. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, East African Medical Journal, lilichapisha makala ya madaktari wa Kenya kuhusu anoreksia nchini mwao. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa miongoni mwa wanawake wa Tanzania, ukichunguza uhusiano kati ya fikra zao juu ya mwili na ulaji na kiasi walivyofikiwa na vyombo vya habari na mitindo ya maisha ya nje. Ugonjwa huu ni wa watu wachache ukilinganishwa na utapiamlo wa umaskini, lakini wachache hao wapo, na wengi wao hawatambuliwi.

Tena, sura yake huku si lazima ifanane na ile ya vitabuni. Katika jamii ambamo unene ulihesabiwa kuwa dalili ya neema, na ambamo kukonda huleta minong'ono ya UKIMWI, msichana anaweza asiseme kabisa kwamba anaogopa kunenepa. Atasema tumbo linajaa, chakula kinamkaba, hana hamu, au amefunga kwa ajili ya sala. Wengine hukimbilia upande wa pili: hununua vidonge vya kunenepesha mitaani, na baadhi ya vidonge hivyo ni dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni. Dawa hizo huujaza uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huzilaza tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Mtumiaji akiziacha ghafla baada ya muda mrefu, mwili wake hukosa homoni ya kukabili msukosuko, na anaweza kuanguka na hata kufa.

Mwili unapofunga milango

Mtu asipokula, mwili wake hufanya kile ambacho mama mwenye nyumba hukifanya mshahara unapochelewa: hupunguza matumizi. Kwanza hutumia akiba ya wanga iliyo katika ini, ambayo humalizika kwa takriban siku moja. Insulini, homoni ya kongosho inayoingiza sukari katika seli na kuweka akiba, hushuka. Glukagoni, kotisoli na homoni ya ukuaji hupanda, na mafuta yaliyohifadhiwa huanza kuvunjwa. Ini hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa ketoni, ambazo huulisha ubongo badala ya sukari. Misuli nayo huvunjwa kidogokidogo ili protini yake itengenezwe kuwa sukari. Moyo ni msuli pia, na hausamehewi.

Njaa ikiendelea kwa wiki na miezi, kituo kikuu cha ubongo kinachoitwa hipothalamasi huanza kufunga milango mmoja baada ya mwingine. Hupokea habari kutoka kwa leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huelewa kwamba akiba imekwisha. Grelini, homoni ya tumbo inayoamsha njaa, hupanda. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni huendelea kutoa homoni yake, lakini mwili huacha kuigeuza ipasavyo kuwa ile yenye nguvu zaidi, ijulikanayo kama T3. Matokeo yake ni baridi, ngozi kavu, choo kigumu, mapigo ya moyo ya polepole na uchovu. Daktari akiona T3 imeshuka asikimbilie kutoa vidonge vya thairoidi: mwili umepunguza moto kwa makusudi, na kuuchochea ni kuunguza misuli michache iliyobaki. Dawa yake ni chakula.

Mlango mwingine unaofungwa ni wa uzazi. Hipothalamasi hupunguza ishara zake kwa tezi ya pituitari, pituitari hupunguza homoni zinazoamsha ovari, na estrojeni hushuka. Hedhi huwa haba, kisha hukatika. Kwa mvulana, testosteroni hushuka, nguvu na hamu hupungua, na asiyemaliza kubalehe hudumaa. Wengi huichukulia hedhi iliyokatika kuwa jambo dogo, na wengine huifurahia. Hata hivyo estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa. Ujana ndio wakati wa kujenga sehemu kubwa ya mifupa itakayotumika maisha yote. Msichana anayepoteza miaka miwili ya hedhi kwa njaa anaweza kufika utu uzima na mifupa dhaifu ya bibi kizee. Kotisoli iliyopanda na homoni ya ukuaji iliyoshindwa kufanya kazi kwa sababu ini halitoi mwitikio wake huongeza uharibifu huo.

Hapa liko kosa la kawaida la kuepukwa. Binti hupewa vidonge vya uzazi wa mpango ili "hedhi irudi". Damu hutoka kila mwezi, mama anafarijika, faili linafungwa. Damu hiyo imetokana na vidonge, si na ovari. Mifupa haipati kinga ya kutosha kutokana nayo, na ishara pekee iliyokuwa ikieleza kwamba mwili una njaa imezimwa. Hedhi ya kweli hurudi uzito unaporudi, mara nyingi baada ya miezi kadhaa ya kula vizuri. Izingatiwe pia kwamba kukosa hedhi si kinga ya mimba: yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana.

Ushahidi wa zamani

Mambo haya hayakubuniwa mezani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Vita Kuu ya Pili ikielekea mwisho, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema waliojitolea, kwa muda wa miezi sita. Wanaume hao walipoteza takriban robo ya uzito wao. Umetaboli wao wa mapumzikoni ulishuka kwa karibu asilimia 40, mapigo ya moyo yakapungua, hamu ya tendo la ndoa ikatoweka. Kilichowashangaza wengi ni akili zao: walianza kuota vyakula, kukusanya mapishi, kulamba sahani, kula polepole kwa saa nzima, kukasirika na kujitenga. Walikuwa watu timamu walioingia kwa hiari yao; njaa yenyewe ndiyo iliyowapa tabia ambazo kwa mgonjwa wa anoreksia hudhaniwa kuwa ukaidi.

Afrika Mashariki nayo ilichangia somo hili, ingawa kwa njia ya watoto. Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti walipima kotisoli, insulini na homoni ya ukuaji katika damu ya watoto waliokuwa wakielekea kupata kwashakoo, na wakaonesha kwamba mabadiliko ya homoni huandamana na mwili unavyogawa protini kati ya misuli na ini. Mtoto wa Kampala hakuchagua njaa. Kijana mwenye anoreksia naye hajachagua ugonjwa wake. Chimbuko la njaa ni tofauti, na tiba ya chimbuko hilo ni tofauti. Lakini hipothalamasi haiulizi kama njaa imetoka katika umaskini, katika kidonda cha koo, katika huzuni au katika hofu ya kioo. Inafunga milango ileile kwa mpangilio uleule.

Madhara ya kujitapisha

Mgonjwa wa bulimia anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa, na hivyo hupita kliniki bila kushukiwa. Anayejitapisha hupoteza tindikali ya tumbo na maji. Tezi za adrenali, mwili ukijaribu kuokoa maji na chumvi, hutoa homoni ya aldosteroni kwa wingi, nayo huzifanya figo ziimwage potasiamu katika mkojo. Potasiamu ikishuka sana misuli hulegea, tumbo huacha kusukuma chakula, na mpangilio wa mapigo ya moyo huvurugika. Hivi ndivyo kijana asiyekuwa na dalili nyingine anavyoweza kufa ghafla.

Dalili za nje ni chache lakini zinaonekana kwa anayetazama: mashavu yaliyovimba chini ya masikio kwa sababu ya tezi za mate, meno yaliyolika kwa ndani, makovu kwenye vifundo vya vidole, sauti ya kukwaruza. Daktari wa meno huweza kuwa mtu wa kwanza kugundua. Anayetumia dawa za kuharisha au vidonge vya kukojoza ili apungue uzito hupoteza maji na chumvi tu. Mafuta hubaki palepale, na mizani hurudi juu mara anywapo maji.

Udongo wa sokoni

Katika masoko mengi ya Kanda ya Ziwa, pembeni ya dagaa na nyanya, huuzwa vipande vya udongo uliofinyangwa na kukaushwa, maarufu kwa jina la pemba. Wanunuzi wakubwa ni wajawazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ukiwashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Kikatoliki kilichopo Bugando, ulifanyika Geita katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ulionesha kwamba karibu nusu ya wajawazito walioulizwa walikuwa wakila udongo, na kwamba udongo huo ulikuwa na madini mazito, ikiwamo aseniki na zebaki. Kisiwani Pemba, utafiti mwingine uliowahusisha wajawazito zaidi ya 2,000 uliona kwamba takriban 4 kati ya 10 walikuwa na hamu ya namna hii. Huko kilichotafunwa zaidi ni mchele mbichi, na tabia hiyo iliambatana na upungufu wa damu.

Je, upungufu wa madini chuma ndio unaoleta hamu ya udongo, au udongo ndio unaoleta upungufu? Yapo yanayoelekeza pande zote mbili. Wagonjwa wengi huacha kutamani udongo au barafu wanapotibiwa kwa madini chuma. Kwa upande mwingine, baadhi ya udongo wa mfinyanzi hunasa chuma na zinki tumboni na kuzuia visifyonzwe. Potasiamu pia huweza kunaswa, na wamekwisha kupokelewa hospitalini walaji wakubwa wa udongo wakiwa wamelegea misuli.

Uhusiano wa udongo na homoni ulifahamika kwa namna ya kukumbukwa huko Iran. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake walieleza habari za vijana wa kiume waliodumaa, wenye upungufu mkubwa wa damu, wini lililovimba na bandama kubwa, ambao hawakuwa wamebalehe. Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka 21 lakini alionekana kama mtoto wa miaka 10. Walikula mkate usiotiwa hamira, nyama kidogo mno, na udongo. Uchunguzi uliofuata nchini Misri ulithibitisha kwamba zinki ni madini ya lazima kwa ukuaji na kwa homoni za uzazi. Waliopewa zinki na chakula bora walikua na kubalehe.

Kwa mjamzito wa Igogo somo ni jepesi. Asifichwe na asichekwe. Apimwe wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Apewe vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki, atibiwe minyoo kwa wakati unaofaa wa ujauzito, na ashauriwe kula dagaa, maini kwa kiasi, maharage na mboga za majani zenye kukamuliwa limau. Chai inywewe mbali na mlo, kwa kuwa huzuia ufyonzwaji wa chuma. Hamu ikipungua baada ya wiki chache, yeye mwenyewe atakuwa shahidi wa tiba yake.

Kongosho lililochoka

Kisukari na ulaji vimefungamana kwa njia tatu. Ya kwanza inajulikana: kula kupita kiasi kwa muda mrefu huongeza mafuta tumboni, seli huacha kuisikia insulini, na sukari hupanda.

Ya pili huwahusu vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza. Wapo wanaogundua kwamba wakiruka sindano za insulini hupungua uzito haraka, kwa sababu sukari yote hutoka na mkojo. Wapo pia wanaoiruka kwa sababu nyingine kabisa: nyumbani hakuna chakula, na wameambiwa insulini bila chakula ni hatari. Wote wawili huishia mahali pamoja, yaani ketoni kujaa katika damu, kutapika, kupumua kwa kasi, kupoteza fahamu. Kijana anayerudi wodini mara tatu kwa mwaka kwa tatizo hilo asikaripiwe tu; aulizwe faraghani kuhusu uzito na kuhusu chakula cha nyumbani. Kanuni ya kumfundisha ni kwamba insulini ya msingi, ile ya muda mrefu, haiachwi kabisa. Mlo ukikosekana dozi hupangwa upya pamoja na kliniki.

Njia ya tatu imeanza kueleweka zaidi miaka ya karibuni. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo, kisha mwaka 1999 likakiondoa katika orodha kwa kuona kwamba ushahidi hautoshi. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua upya kwa jina la kisukari cha aina ya tano. Hoja ni kwamba kongosho lililokosa lishe, hasa utotoni, huweza kubaki na uwezo mdogo wa kutoa insulini, hata kwa mtu mwembamba. Watafiti wa Mwanza wamekuwa wakilifuatilia swali hili miongoni mwa watu wanaoishi na Virusi vya UKIMWI na waliougua kifua kikuu. Kwa mhudumu wa kawaida maana yake ni hii: wembamba si uthibitisho kwamba mtu hana kisukari.

Hatari ya kushibisha ghafla

Hatua inayoua wagonjwa wengi waliodhoofika inaweza kuwa ile inayofanywa kwa nia njema kuliko zote. Mgonjwa amekaa wiki tatu bila kula vya kutosha. Ndugu wanamletea ugali, samaki, soda na uji wenye sukari nyingi. Wanga unapoingia kwa wingi, insulini iliyolala hupanda ghafla na kuzisukuma fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Akiba ya madini hayo ilikwisha zamani, kwa hiyo kiwango chake katika damu huporomoka. Vitamini B1, inayohitajika ili wanga uunguzwe, nayo humalizika. Ndani ya siku chache miguu huvimba, pumzi hukatika, akili huvurugika, moyo hushindwa. Hali hii ilishuhudiwa kwa wafungwa wa vita waliokombolewa miaka ya 1940, waliokufa baada ya kupata chakula walichokilia kwa muda mrefu.

Mwanza imelishughulikia tatizo hili kwa utafiti wake yenyewe. Kati ya mwaka 2011 na 2013 watu wazima 1,815 wenye uzito mdogo, waliokuwa wakianza dawa za ARV mjini Mwanza na Lusaka, walishiriki katika jaribio lililojulikana kama NUSTART. Walipewa chakula-lishe, baadhi kikiwa kimeongezwa vitamini na madini mengi ikiwamo fosfati na potasiamu. Nyongeza hiyo haikupunguza vifo. Jibu hilo ni la thamani hata kama halikuwa lile lililotarajiwa: mtu akishadhoofika mno, kumwongezea madini katika pakiti ya lishe hakutoshi kumwokoa. Kinachookoa zaidi ni kumtambua mapema na kumlisha kwa uangalizi.

Wauguzi wa wodi za watoto wanaijua tayari kanuni yenyewe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanza na maziwa ya F-75, hali yake ikitulia ndipo hupewa F-100. Mtu mzima naye anahitaji subira ileile. Aliye katika hatari kubwa ni mwenye uwiano wa uzito kwa urefu, yaani BMI, chini ya 16, au aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita, au aliyekaa zaidi ya siku 10 akila kidogo sana au bila kula. Huyo, kwa miongozo mingi, huanza na kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, akipewa vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza, na kupimwa potasiamu, magnesiamu na fosfati kila siku mwanzoni. Chakula huongezwa hatua kwa hatua ndani ya siku nne hadi saba. Kumwacha na njaa kwa hofu ni kosa pia. Kinachotakiwa ni kupanda ngazi, si kuruka wala kukaa chini.

Namna ya kuuliza

Mwaka 1999 madaktari wa London walitunga maswali matano mafupi ya kumtambua mwenye tatizo la ulaji: kama hujitapisha anapojisikia ameshiba mno, kama anahisi ameshindwa kujizuia katika kula, kama amepoteza kilo sita au zaidi ndani ya miezi mitatu, kama hujiona mnene ilhali wengine humwona mwembamba, na kama chakula kimetawala maisha yake. Majibu mawili ya "ndiyo" hutosha kuleta shaka. Maswali hayo yanafaa, lakini yanahitaji busara. Katika nyumba isiyo na uhakika wa mlo wa jioni, chakula hutawala maisha ya kila mtu, na jibu la "ndiyo" hapo si ugonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mhudumu wa Igogo liwe: je, chakula kipo nyumbani? Kikiwapo, ndipo aulize kwa nini hakiliwi.

Lugha nayo ni dawa. Baada ya salamu, muuguzi mtu mzima anaweza kusema, "Mwanangu, vipimo vyako ni vizuri, lakini mwili wako unaniambia haupati chakula cha kutosha. Siku hizi mlo unakwendaje?" Kwa mjamzito: "Dada, wajawazito wengi hutamani udongo au mchele mbichi. Na wewe?" Swali linaloanza kwa kuonesha kwamba jambo hilo huwapata wengi hupata jibu la kweli. Kijana aulizwe akiwa peke yake angalau kwa dakika chache, kwani mbele ya mama yake atajibu kile ambacho mama anataka kukisikia.

Mtu anayestahili kupelekwa hospitali siku hiyohiyo ni yule ambaye mapigo yake yako chini ya 40 kwa dakika, joto lake liko chini ya nyuzi 35, anazimia akisimama, sukari yake imeshuka, misuli imelegea, ametapika kwa siku nyingi, au anazungumzia kujidhuru. Wengine wanaweza kuhudumiwa karibu na nyumbani, mradi uzito upimwe kila wiki kwa mizani ileile na apatikane mtu wa kuzungumza nao. Tiba ya chakula bila tiba ya akili huponya mwili kwa muda tu. Tiba ya akili bila chakula haianzi, kwa sababu ubongo wenye njaa hauwezi kufikiri sawasawa juu ya chakula.

Kwa jamaa za mgonjwa, kazi kubwa ni kukaa naye mezani. Vitisho, kumlinganisha na ndugu zake, au kumpima kwa macho kila apitapo huongeza siri. Milo midogo kwa saa zilezile, mtu mzima akila pamoja naye bila kuhesabu matonge, na nusu saa ya mazungumzo baada ya kula ili asiende kujitapisha, ni mambo yasiyohitaji fedha. Milango ambayo homoni ziliifunga kwa miezi haifunguki kwa siku moja. Mara nyingi joto la mikono hurudi kwanza, kisha usingizi, kisha uchangamfu, na hedhi huja mwishoni. Mifupa huchukua miaka, na kwa wengine hairudi yote. Hiyo ndiyo sababu ya kuuliza mapema, siku ile ile ambayo vipimo vingine vyote vimerudi salama.